U-Boot inanyamaza baada ya "DRAM: 512 MiB" na hesabu yangu inaanza 23, naomba ushauri

mtu_wa_kondele
Wasee habari zenu. Huku Kisumu tunaunda bodi ya kupima unyevu wa mahindi kwa stoo za Bungoma na Kitale, prosesa ni AM3358 ileile ya BeagleBone Black, ramu 512 MB. Kwa U-Boot, ile butiloda inayoamsha bodi na kupakia keneli (kiini cha mfumo endeshi), nimeongeza kitu kidogo ndani ya checkboard, fanksheni yake ya mapema ya kutambua bodi, inasoma EEPROM (memori ndogo isiyofutika umeme ukikatika) na kuhesabu imejaribu mara ngapi, hesabu yenyewe ni `static int jaribu = 0;` pale juu ya faili. Sasa kila nikiwasha haianzi sifuri, inaanza 23, halafu inaandika DRAM: 512 MiB na hapo ni kimya, prompti haiji. Nikitoa hiyo hesabu inabuti vizuri kabisa. Nimeweka JTAG (kifaa cha kudebagi prosesa) na breki pointi kwa board_init_r, ile hatua ya baada ya U-Boot kujihamisha, haisimami. Najua U-Boot hujihamisha kwenye memori lakini kwani inahama ya nini na SPL, yaani kipakiaji kidogo kinachoitangulia, imeshaiweka kwa ramu? Nataka nielewe, si kupata tu dawa ya kubahatisha.

fundi_naka
Kaka, nianze na hilo la mwisho. Zamani butiloda nyingi zilikuwa zinaendeshwa moja kwa moja kutoka kwa flashi ya NOR, na huwezi kufuta flashi ambayo wewe mwenyewe unaendeshwa juu yake, kwa hivyo lazima uhamie ramu. Kwako SPL imeiweka 0x80800000, sawa, lakini hapo ni chini karibu na mwanzo wa ramu ambayo inaanza 0x80000000, na huko chini ndiko keneli na vitu vyake vinataka nafasi. Kwa hivyo board_init_f, hatua ya kabla ya kuhama, inaangalia ramu ni kiasi gani, inajitengea sehemu juu kabisa, kwako ni chini kidogo tu ya 0xA0000000, inajinakili huko na kuendelea na board_init_r. Uzuri ni kwamba faili ileile ya U-Boot inafanya kazi kwa bodi ya 256 MB na ya 512 MB, juu inapatikana wakati wa kubuti.

bungoma_biti
Omera hiyo 23 ndiyo imekutoboa siri. Ikishajinakili, adresi zote zilizoandikwa ndani ya programu bado zinaonyesha mahali pa zamani, kwa hivyo linka (programu inayounganisha vipande vya kodi) huacha jedwali linaitwa .rel.dyn, kila ingizo ni neno mbili, ya kwanza adresi ya kurekebisha na ya pili aina yake, na aina ya kawaida kwa ARM ya biti 32 ni R_ARM_RELATIVE, ambayo ni namba 23. Sasa kwa linka skripti ya ARM hiyo, BSS, yaani sehemu ya vigezo vinavyoanza na sifuri, imelazwa juu ya jedwali hilohilo ili kuokoa nafasi, maana BSS haitakiwi kuguswa mpaka baada ya kuhama, ndipo inasafishwa iwe sifuri. Static yako yenye sifuri kompaila anaiweka BSS. Checkboard inaendeshwa kabla ya kuhama. Kwa hivyo ulisoma aina ya ingizo fulani ukadhani ni hesabu yako, ukaongeza moja ikawa 24, relocate_code, fanksheni inayorekebisha hizo adresi, ikafika hapo ikaona si 23 ikairuka, na pointa moja ikabaki inaangalia nakala ya zamani. Bahati yako imegoma mapema. Nakala ya zamani huwa bado iko palepale, so kuna bodi inaweza kubuti hivyo hivyo wiki nzima mpaka siku mtu apakie kitu juu yake, na hiyo ndiyo naiogopa zaidi.

eldy_seriali
Si aweke tu GD_FLG_SKIP_RELOC isihame kabisa?

bungoma_biti
Hapana ndugu, hapo anaficha ugonjwa. BSS inasafishwa baadaye vilevile, hesabu itapotea, na butiloda inabaki chini njiani mwa keneli. Aandike `static int jaribu __section(".data") = 0;`, maana .data iko ndani ya ile picha inayonakiliwa, hesabu inahama nayo. Ila hii ni kwa sababu yake inaendeshwa kwa ramu. Kwa bodi ya NOR hata .data haiandikiki kabla ya kuhama, hapo weka kwa gd, ile struct ya data za U-Boot inayoandikika tangu mapema, ambayo ARM hii inashikilia kwa rejista r9.

fundi_naka
Na hiyo JTAG, debaga inajua adresi za zamani tu. Ikishabuti piga amri ya bdinfo uone relocaddr, yaani adresi ilikohamia, tuseme ni 0x9ff4a000, kisha kwa GDB andika `symbol-file` peke yake ifute, halafu `add-symbol-file u-boot 0x9ff4a000`. Tumia hbreak, breki pointi ya hadwea. Breki pointi ya kawaida inaandika maelekezo yake ndani ya memori, na ukiiweka kabla ya kuhama inanakiliwa pamoja na programu, utachanganyikiwa bure.

mtu_wa_kondele
Imekubali! Hesabu inaanza sifuri, prompti imekuja, na hbreak imesimama board_init_r kwa adresi mpya. Asanteni sana wakubwa. Sasa nafungua u-boot.map, ile orodha ya linka ya kila kitu kimewekwa wapi, nione kama kuna static nyingine za hizi fanksheni za mapema zimeangukia BSS, maana dereva ya EEPROM tulipewa na watu wengine na siiamini bado.