Simu inatetema, skrini haina kitu: kwa nini mwenye simu ndiye wa mwisho kujua?

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa nimekwisha kumpata mkosaji, kwa hiyo naomba asitokee mtu wa kuniambia nizime simu kisha niiwashe tena. Kinachonikera ni njia ndefu niliyolazimika kupita ili kupata jibu la swali dogo kabisa: nani ametetemesha simu yangu sasa hivi? Simu hiyo hiyo inaweza kuniambia ni programu gani iliyotumia kamera, saa ngapi, na kiasi gani cha betri kimeliwa na nini. Ila ikitetema bila sababu, inanyamaza kama vile si yenyewe iliyotetema.

Kwanza niwajibu waliokwisha kuniambia kwamba ni mawazo yangu tu. Ninajua kwamba hali hiyo ipo. Mwaka 2010 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti uliofanywa miongoni mwa wahudumu wa afya huko Massachusetts, Marekani, na kati ya watu 169 waliojibu, 115 walisema wamewahi kuhisi mtetemo ambao haukuwapo. Lakini mtetemo wa namna hiyo humpata mtu mwenye kifaa mfukoni au kiunoni, ambaye ngozi yake imezoea kungoja. Yangu ilikuwa mezani, imelala kifudifudi, na ilipotetema kijiko kilichokuwa kwenye kisahani kando yake kililia. Kijiko hakina mawazo.

Nilipoigeuza, skrini ilikuwa tupu. Hakuna ujumbe, hakuna simu iliyokosa kupokewa, hakuna alama yoyote juu ya skrini. Nikaanza na zile sababu za kawaida, ambazo nazitaja kwa haraka kwa kuwa huenda zikamwokoa mwingine. Kebo ya kuchajia iliyolegea huikata na kuirudisha chaji, na kila inaporudi simu hutetema. Kadi ya benki iliyowekwa ndani ya kava la simu yenye NFC (teknolojia ya kusoma kadi kwa kuisogeza karibu) husomwa na simu yenyewe kila inapogusana nayo vizuri, kisha simu hutoa mlio au mtetemo ambao hauachi chochote cha kusoma. Ujumbe ulioufungua kwenye kompyuta huondoa arifa yake kwenye simu kabla hujaitazama. Wenye iPhone nao wajue kwamba arifa ya ujumbe mfupi ambao haujasomwa hurudiwa mara moja baada ya dakika 2, hata kama hukuwahi kuomba irudiwe. Kwangu hakuna lililohusika kati ya haya yote.

Hatua iliyofuata ilikuwa historia ya arifa, ambayo imo katika Android tangu toleo la 11 la mwaka 2020. Hapa ndipo hasira ilipoanza kupanda. Historia hiyo haiwashwi mpaka mwenye simu aiwashe mwenyewe, na ukiiwasha inaanza kuandika kuanzia hapo, hairudi nyuma. Maana yake ni kwamba mtu anayesumbuliwa leo anaambiwa asubiri asumbuliwe tena. Nilisubiri, simu ikatetema, nikafungua historia, na saa ile haikuwa na arifa hata moja. Nikawasha hali ya Usinisumbue (Do Not Disturb), ambayo hunyamazisha arifa, ikatetema vile vile. Nikaingia katika hali salama, ambayo huzima programu zote ulizoziweka mwenyewe, na ndani ya hali hiyo simu ikatulia tuli. Basi nikajua kwamba si ubovu wa mota inayotetemesha simu wala si mfumo; ni programu mojawapo niliyoiweka. Lakini ipi? Nikichungulia ukurasa wa ruhusa wa kila programu, nakuta mahali, kamera, maikrofoni, anwani, picha. Mtetemo haumo.

Haumo kwa sababu mtengenezaji wa programu ya Android hahitaji kukuomba ruhusa ya kutetemesha simu yako. Anaitaja kwenye faili la programu, na mfumo unampa kimya kimya wakati wa kusakinisha, bila kukuuliza na bila kukupa swichi ya kuinyima baadaye. Mwaka 2022 toleo la 13 lilianza kulazimisha programu mpya ziombe ruhusa kabla ya kutuma arifa, jambo ambalo wengi tulilipongeza. Lakini arifa na mtetemo ni vitu viwili tofauti. Programu inaweza kuiendesha mota moja kwa moja bila kuandika neno hata moja kwenye skrini, na ikifanya hivyo historia ya arifa haina cha kuhifadhi, kwa kuwa hapakuwa na arifa. Nilikuwa nikitafuta nyayo za mtu aliyepita juu ya paa.

Jibu lilikuwapo muda wote, ila limefichwa mahali ambapo mtu wa kawaida hafiki. Unakwenda kwenye maelezo ya simu, unagonga nambari ya muundo mara 7 mpaka uambiwe kwamba sasa wewe ni msanidi programu (hongera), unawasha utatuzi wa USB (unaoiruhusu kompyuta kuichunguza simu kwa kebo), unaiunganisha simu na kompyuta yenye adb, yaani zana za kuipa simu amri, kisha unaandika amri hii: adb shell dumpsys vibrator_manager. Katika matoleo yaliyotangulia la 12, neno la mwisho ni vibrator peke yake. Simu inamwaga orodha ndefu ya mitetemo ya hivi karibuni. Mingi ni ya kibodi na ya vitufe, ile midogo ya kidole kinapogusa kioo. Katikati yake nikakuta mtetemo wa saa ile ile ambayo kijiko kililia, ukiwa na muda wake kwa milisekunde na jina la kifurushi cha programu iliyouagiza: programu ya kuhesabu hatua, ambayo nimekaa nayo muda mrefu bila matatizo.

Kilichonifanya nikae chini ni neno jingine kwenye mstari huo huo. Aina ya mtetemo ilikuwa imeandikwa kuwa ni kengele ya saa. Tafadhalini someni hapa kwa makini. Kanuni ya Android inasema kwamba programu iliyo nyuma ya pazia, ambayo huioni mbele yako, haitakiwi kutetemesha simu isipokuwa iwe imeutangaza mtetemo wake kuwa ni wa mlio wa simu, wa arifa au wa kengele. Kanuni ni nzuri, lakini anayejitangaza ni programu yenyewe, na mfumo unalipokea tangazo lake jinsi lilivyo. Hawa wamejitangaza kuwa kengele, na kwa kuwa Usinisumbue kwa kawaida huziacha kengele zipite ili mtu asichelewe kuamka, wao nao wakapita mlango huo huo.

Nilipoifungua programu na kuipekua, nilikuta ndani kabisa, chini ya malengo na takwimu, kipengele cha kukukumbusha kusimama ukiwa umekaa muda mrefu. Kilikuwa kimewashwa. Mimi sikukiwasha; kimekuja na sasisho, kikakuta simu yangu na kujikaribisha. Sasa nikaelewa ni kwa nini simu haikuwahi kutetema nikiwa natembea, na ni kwa nini kila mara ilinipata katikati ya kikao au nikiwa nimezama kwenye kitabu. Nikarudi kwenye duka la programu kusoma maelezo ya sasisho hilo. Yamesema: tumerekebisha hitilafu ndogo na kuboresha utendaji.

Nimewaandikia watengenezaji wake nikiwaomba kikumbusho hicho kizimwe mpaka mtu akiwashe, kiambatane na arifa inayosomeka, na kiache kujiita kengele. Nimejibiwa kwamba maoni yangu ni ya thamani kwao. Programu nimeiondoa, na simu imetulia.

Hata hivyo, lawama kubwa siiweki kwao. Tangu mwaka 2021, toleo la 12 la Android lina dashibodi ya faragha inayoonyesha ni programu gani imegusa maikrofoni, kamera au mahali ulipo, na saa ngapi. Kumbukumbu ya mitetemo tayari inaandikwa na simu hiyo hiyo, ikiwa na jina, saa na sababu. Kinachokosekana ni ukurasa mmoja tu katika mipangilio wa kuionyesha, na swichi kando ya kila jina. Badala yake mtu anayesumbuliwa anaambiwa arudishe simu katika hali ya kiwandani, apoteze picha na mazungumzo yake, na baada ya hapo aiweke upya programu ile ile na kuanza kutetemeshwa tena.

Kama simu yako inafanya hivi, andika hapa toleo la mfumo wako, kama hutetema hata ukiwa umewasha Usinisumbue, na kama hutulia katika hali salama. Ukiweza kutoa orodha ya mitetemo, bandika mstari unaohusika peke yake, usibandike orodha nzima, kwa kuwa ndani yake mna majina ya programu zako nyingine ambazo sisi hazituhusu.