Kava la waya limekula rangi ya fremu mpaka alumini inaonekana, nifanyeje wakuu?

NjiaYaNgiresi:
Wakuu habari za jioni. Nina baiskeli ya milimani, fremu alumini, mbele foku ya springi nyuma hamna kitu. Nilidunduliza miezi nane kuipata, mtumba lakini safi kabisa, kila jumamosi napanda nayo hizi njia za juu ya Ilboru, Arusha, kwenda Ng'iresi. Vumbi la huku anayelijua analijua, udongo wa volkano laini kama unga, unaingia kila mahali. Sasa jana naiosha nikaona pale shingoni (lile bomba fupi la mbele, chini ya usukani) upande wa kulia, waya wa gia ya nyuma unapokata kona kushuka bomba la chini, rangi imeisha kabisa, doa saizi ya ukucha wa kidole gumba, nikipitisha kucha naskia kabonde. Na kwenye bomba la juu kuna mistari miwili imeanza. Roho imeniuma jamani. Je fremu inaweza kutoboka? Na niweke nini? Fundi wa mtaani kaniambia zungushia solotepu basi.

Dunda_Mlimani:
Pole mkuu. Solotepu usithubutu, wiki moja inakauka inabanduka inaacha gundi, na gundi ndo inakamata mchanga. Kata tyubu ya zamani kipande, zungushia shingo, funga na zipu tai. Mimi miaka yote natumia hiyo na bure kabisa.

mama_wa_gia:
Dunda naomba nikupinge kidogo kwa heshima. Tyubu nilishatumia kwenye baiskeli ya chuma, masika yalivyoisha naifungua nakuta kutu imezunguka pete nzima chini ya mpira, maji yaliingia hayakupata pa kutokea. Kama ni lazima, tyubu ifungwe kwenye kava la waya, isifungwe kwenye fremu. Hapo hata tope likiingia unaliona unalifuta.

Dunda_Mlimani:
Sawa dada, nimekuelewa, yangu ni alumini ndo maana sijaona kutu. Ila kweli chini yake huwa kuna mchanga.

fundi_wa_jioni:
Mkuu NjiaYaNgiresi tulia kwanza nikueleze. Kava la plastiki peke yake halina nguvu ya kukwangua rangi haraka hivyo, kinachokula fremu ni vumbi lililokaa katikati, kila ukikata kona usukani unasogeza kava mbele nyuma, hapo ni sawasawa na kupiga msasa. Kwahiyo ukibandika stika juu ya uchafu umefungia msasa ndani.

Kabla hujanunua chochote geuza usukani mpaka mwisho kulia, halafu kushoto, huku unaangalia kava. Likivutika ni fupi, na likitunisha mgongo na kuisukuma shingo ya fremu basi ni refu. Mitumba mingi ninayoshika makava ni marefu, mtu alibadilisha usukani mpana kwa mwembamba akayaacha vilevile. Likipunguzwa hata sentimita 3 linaacha kuegemea. Lakini likatwe kwa mkasi wa waya wenyewe, siyo koleo la kubonda, mdomo upigwe tupa uwe bapa, tundu lifunguliwe na sindano halafu kofia yake irudi, bila hivyo gia zitakuwa nzito na utanilaumu. Na ukinunua jipya mwambie muuzaji ni la gia, la milimita 4, la breki ni milimita 5 na ndani limesukwa tofauti. Usije ukaweka la gia kwenye breki, linaweza kupasuka ukiwa unashuka mlima.

Kuhusu kutoboka: kama ni rangi tu na kabonde ka kuhisi kwa ukucha, endesha. Alumini haioti kutu nyekundu kama chuma. Ila angalia kama kuna ufa karibu na maungio, huo ni mjadala mwingine. Kwa wenye fremu za karboni wanaosoma hapa, mkiona nyuzi zimeanza kutokeza msiendeshe, pelekeni kwa anayeielewa karboni.

NjiaYaNgiresi:
Aisee fundi asante sana, nimegeuza usukani sasa hivi, kava linatunisha kabisa linaigusa shingo hata nikiwa nimesimama. Kumbe ndo hilo.

pedeli_ngong:
Salamu kutoka Nairobi. Nyaya zako za gia zikipita uchi chini ya bomba la chini, jaribu kuzivusha: waya wa mkono wa kulia uingie stopa (kile kishikio cha fremu kava linapoishia) ya kushoto na wa kushoto uingie ya kulia, halafu zinapishana tena huko chini kama X. Makava yanachora kona pana bila kuibana shingo. Zile nyaya zikigusana kwenye X hazina shida, mimi nimepanda hivyo Ngong miaka mitatu. Kama makava ni mazima mwanzo mwisho basi hiyo haifai.

mama_wa_gia:
Na ya kufunika ni hivi. Nenda kwa wanaobandika filamu ya kulinda rangi ya magari, ile nene inayoonekana kama haipo, waombe vipande vya masalio, mimi nilipewa bure. Asili yake ni filamu ya kukinga mapanga ya helikopta yasiliwe na mchanga, kwahiyo vumbi la Meru italiweza. Osha fremu, futa kwa spiriti ya duka la dawa, kata kipande pembe ziwe za mviringo maana pembe kali ndo inaanza kubanduka, nyunyizia maji yenye tone la sabuni ili uweze kukisogeza, kisukume maji yatoke, pitisha drayeri ya nywele kwa mbali pale penye mkunjo. Usiendeshe mpaka kesho yake. Lile doa lipake kwanza rangi ya kucha inayofanana, iache ikauke kabisa.

boda_mtb:
Mi niliweka mpira wa mafuta wa pikipiki, ule mweusi mwembamba, kipande cha vidole vinne, nikauchana urefu wake nikauvalisha kwenye kava hapo linapogusa. Ukichakaa natupa naweka mwingine.

NjiaYaNgiresi:
Mrejesho wakuu. Kava nimepunguza sentimita 3 na nusu, fundi wa mjini ana mkasi wake. Kuvusha nyaya imeshindikana, zangu zinapita juu ya bomba la chini, siyo chini yake. Filamu nimepata vipande viwili, shingoni na bomba la juu, rangi ya kucha nimeazima kwa dada yangu, bluu imekaribiana sana. Jumamosi nimepanda mpaka juu, kurudi nikafuta vumbi, filamu ipo palepale na kava haliigusi tena shingo nikinyoosha usukani, linagusa nikikata kona kali tu. Swali la mwisho, hiyo ya kona kali niweke na mpira wa boda?

fundi_wa_jioni:
Weka. Na kila ukiosha usogeze, upafute chini yake.