Mjadala: Je, kipanya na kibodi vitengenezwe kwa kufuata jinsia ya mtumiaji?

Wapo wanaoshikilia kwamba, kwa kuwa wanawake na wanaume hutofautiana katika kutumia kompyuta, kila jinsia itengenezewe vifaa vyake, pamoja na mtetemo, sauti au mwanga wa kumjulisha mtumiaji kwamba amelenga sawasawa. Tofauti zipo, sikatai, lakini hitimisho hilo nalipinga.

Tuanze na ncha ya kidole. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, nchini Kanada, walipima jinsi watu wanavyotambua kwa kidole mifereji myembamba iliyochongwa kwenye kipande kigumu. Kwa wastani wanawake waliwashinda wanaume. Hata hivyo, ukubwa wa kidole ulipozingatiwa, tofauti ya jinsia ilitoweka, kwa maana mwenye kidole kidogo, awe mwanamume au mwanamke, ndiye aliyehisi vitu vyembamba zaidi. Basi kwa nini tuuze kipanya kwa jinsia ilhali kidole chenyewe kinapimika?

Mrejesho wa hisi, yaani huo mtetemo, sauti au mwanga wa kumjulisha mtumiaji, nao una kazi yake mahususi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1995, kipini kidogo kilichomoza kwenye kitufe cha kipanya mara kishale kilipoingia ndani ya shabaha. Muda wote wa kulenga haukubadilika sana, ila hatua ya mwisho, ile ya kutulia na kubofya, ilifupika. Faida ya namna hiyo anaihitaji yeyote anayebofya vitufe vidogo siku nzima.

Mwenye hoja ya jinsia anaweza kuleta suala la rangi ya mwanga huo wa kujulisha: miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, takriban wanaume 8 kati ya 100 hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani, ilhali kwa wanawake ni kama 1 kati ya 200. Ni kweli, lakini dawa yake ni kuongeza sauti au mtetemo kwa wote.

Ninalolihofia zaidi ni hoja yangu kutumiwa kuhalalisha kipanya cha saizi moja, kinachomlazimu mwenye kiganja kidogo kutanua vidole na kukunja kifundo cha mkono saa nzima baada ya saa. Na wengi wanaoumia hivyo ni wanawake. Saizi ziwe kadhaa, ziandikwe kwa vipimo vya kiganja, na nguvu ya mtetemo aipange mtumiaji mwenyewe. Anayetaka kigezo kibaki jinsia atueleze: mwanamume mwenye kiganja kidogo na mwanamke mwenye kiganja kikubwa watachagua kipi?