Mjadala: Umri wa kuolewa uwe miaka 18, bila kuacha mlango wa ridhaa ya mzazi

Ndugu wasomaji,

Naileta mada hii nikiwa na msimamo, na ninamwomba anayeupinga aje na hoja zake bila kusita. Ninaamini kwamba Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inapaswa kubadilishwa ili mtu yeyote, wa kike au wa kiume, asifunge ndoa kabla ya kutimiza miaka 18, na kwamba mabadiliko hayo yasiache nafasi ya ridhaa ya mzazi wala ya kibali cha mahakama kwa aliye chini ya umri huo. Sehemu ya kwanza ya msimamo wangu watu wengi huikubali wakiulizwa, lakini ikifika ile ya pili husita, na hapo ndipo ningependa tujadiliane kwa kina.

Kwa asiyeifahamu sheria yenyewe, kifungu cha 13 kinaweka umri wa kuoa kuwa miaka 18 kwa mwanamume na wa kuolewa kuwa miaka 15 kwa mwanamke, kisha kinaipa mahakama uwezo wa kuruhusu ndoa hata kwa aliyefikisha miaka 14, ikiridhika kwamba kuna sababu maalumu. Kifungu cha 17 kinasema kwamba msichana ambaye hajatimiza miaka 18 ni lazima apate ridhaa ya baba yake, na kama baba amefariki, ya mama, na kama wote wamefariki, ya mlezi. Sheria hii inahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ilitamka kwamba vifungu hivyo viwili vinakwenda kinyume na Katiba, hasa Ibara za 12 na 13 zinazohusu usawa wa watu, na ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupilia mbali rufaa hiyo. Mwaka mmoja ulipita, na mingine ikafuata, vifungu vikiwa vilevile.

Sitaki kuidharau sheria ya 1971, kwa sababu kwa wakati wake ilikuwa sheria ya kijasiri. Ndiyo iliyotamka, katika kifungu cha 66, kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake, na kifungu chake cha 114 ndicho kilichoiwezesha Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, kuitambua kazi ya nyumbani ya mke kuwa mchango wake katika mali ya ndoa. Katika suala la umri, hata hivyo, watunga sheria walitafuta maafikiano na mila pamoja na dini, na gharama ya maafikiano hayo wakamtwisha msichana ambaye hakushirikishwa.

Tukitazame kifungu cha 17 kwa makini. Kwa kudai ridhaa ya mzazi, sheria inakiri kwamba binti wa miaka 15 au 16 hajakomaa kiasi cha kuamua peke yake kuhusu ndoa. Kama hajakomaa, basi jambo la kutarajiwa lingekuwa kumsubiri akue. Badala yake uamuzi unahamishiwa kwa baba, na baba huyo mara nyingi ndiye aliyekwisha kupokea posa, ndiye anayepanga mahari, na ndiye mwenye deni au njaa inayomsukuma. Ninajua wapo akina baba wengi ambao wangekataa mali yoyote ili binti zao wasome, na ninawaheshimu sana. Lakini hao hawakihitaji kifungu hiki. Anayekihitaji ni yule anayetaka kuozesha mapema, na kwa hiyo ridhaa ya mzazi haiwezi kuwa kinga dhidi ya jambo ambalo mzazi mwenyewe ndiye analitaka.

Wapo watakaosema kwamba tayari tunayo sheria kali inayomlinda mwanafunzi. Ni kweli kwamba mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anaweza kufungwa miaka 30. Swali langu ni hili: msichana aliyemaliza darasa la saba na hakuchaguliwa kuendelea analindwa na nani? Ulinzi ule umefungwa kwenye uanafunzi wake. Siku jina lake linapokosekana kwenye orodha ya waliochaguliwa, anabaki na Sheria ya Ndoa, ambayo inamwona yu karibu kabisa kuwa tayari kuolewa. Aliyefeli mtihani bado ni mtoto kama yule aliyefaulu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18, bila kuuliza alama zake.

Hoja ninayoisikia zaidi, na ambayo sitaki kuipita haraka, ni ya mimba. Wazazi wengi huuliza kama si heri binti aliyepata ujauzito aolewe, apate heshima, na mtoto apate baba. Naielewa aibu inayozungumzwa hapo, na ninajua jinsi familia inavyosemwa. Hata hivyo, kumwozesha hakuipunguzii mwili wake hatari ya uzazi wa mapema, ikiwemo fistula (tundu linalotokana na uzazi mgumu na kusababisha mkojo au kinyesi kuvuja), na kunaongeza uwezekano wa mimba ya pili kabla hajapona ya kwanza. Zaidi ya hayo, tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni katika mfumo rasmi, jambo ambalo ndoa hulifanya kuwa gumu mno. Matunzo ya mtoto yanaweza kudaiwa kwa baba yake kisheria bila mama kuwa mke wa mtu.

Kuhusu dini, nazungumza kwa adabu. Kenya, yenye Waislamu wengi katika pwani yake, iliweka miaka 18 kwa ndoa zote katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014. Misri ilizuia tangu mwaka 2008 usajili wa ndoa ya aliye chini ya miaka 18. Morocco nayo ilipandisha umri hadi miaka 18 mwaka 2004, lakini ikamwachia jaji uwezo wa kutoa kibali, na sehemu kubwa ya maombi yaliyofikishwa kwa majaji ilikubaliwa, hata kilichokusudiwa kuwa nadra kikawa njia ya kawaida. Mfano huo ndio unaonifanya nikatae kibali cha mahakama, hata kikiwekwa kwa nia njema.

Nakubali kwamba sheria peke yake haitazuia kila ndoa, hasa zile zinazofungwa kijijini bila cheti. Lakini mtendaji wa kata anayetaka kuizuia harusi ya binti wa miaka 15 leo anaweza kuonyeshwa ridhaa ya baba, na hana la kujibu.

Kuna jambo moja ambalo halitajwi sana. Kanuni ya Adhabu inahesabu kuwa ni ubakaji kujamiiana na msichana wa chini ya miaka 18 hata akiridhia, isipokuwa kama ni mke wa mtu huyo, ametimiza miaka 15, na hawajatengana. Bunge likirekebisha vifungu vya 13 na 17 na kukiacha kipengele hicho, litakuwa limefanya nusu ya kazi. Kwa hiyo ningeomba wanaotetea ruhusa ya ndoa kwa sababu maalumu watutajie sababu moja tu ambayo ndani yake ni msichana mwenyewe, na si watu wazima wanaomzunguka, anayenufaika kwa kuolewa akiwa na miaka 15 kuliko kusubiri mitatu zaidi.