Risechi yangu inauzwa steshenari hapa Tanga, na supavaiza kaipitisha!

Wakuu, nivumilieni, nina hasira.

Jana binamu yangu aliye mwaka wa tatu kaniletea faili la risechi ya mwenzake nimsaidie kupanga kurasa. Kulifungua, nakuta ni kazi yangu. Ile ya wachuuzi wa samaki wa soko la Deep Sea, niliyoiprinti kwenye steshenari moja ya Ngamiani. Kumbe jamaa alibaki na faili, na sasa anauza.

Kilichobadilishwa ni jina la mwandishi, mwaka, na neno Tanga limekuwa Bagamoyo. Basi. Asilimia za kwenye majedwali ni zilezile. Sura ya nne yumo mama mjane aliyenieleza anavyokopa samaki alfajiri na kulipa jioni, na kusi likivuma samaki wakaadimika, anaishi kwa upatu. Nilikaa naye pembeni ya karai la mafuta ya moto, akanifungulia madeni ambayo hata wanawe hawayajui. Leo maneno yake yamewekwa kinywani mwa mtu wa Bagamoyo ambaye hajawahi kuzaliwa!

Maoni ya supavaiza yamo pembeni: rekebisha nafasi kati ya mistari, rekebisha namba za kurasa, endelea. Hakuuliza swali hata moja kuhusu samaki.

Sasa msije kuniambia vijana wa siku hizi wavivu. Wavivu wapo, lakini nani anawapitisha? Mhadhiri mmoja anabebeshwa wanafunzi lukuki, anahesabu sura tano, anatia sahihi. Mwanafunzi akishajua kazi haisomwi, atahangaika na madodoso juani kwa ajili ya nani? Tena nauli na kuchapa madodoso ni hela yake, na bumu, yaani hela ya mkopo wa chuo, likichelewa hana hata ya kula.

Wengine wanajitetea eti kuna Turnitin, programu ya kukamata kazi zilizonakiliwa. Programu ile inalinganisha na kilichomo kwenye hifadhi yake na mtandaoni. Risechi iliyolala kwenye kompyuta ya steshenari, ambayo haijawahi kupandishwa popote, itaionaje?

Na tuseme ukweli kuhusu tulikotoka. Wengi tumesoma shule za serikali, darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, kidato cha kwanza tukatupwa kwenye Kiingereza. Tukaponea kukariri. Ukiandika notsi za mwalimu neno kwa neno unapewa vema, ukijaribu maneno yako unakatwa maksi. Kijana huyohuyo akifika chuo anaambiwa achambue kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kiingereza, na akidesa anaitwa mwizi. Nani alimfundisha tofauti? Kunukuu chanzo kunafundishwa kwa haraka haraka kwenye semina moja, halafu watu wanashangaa.

Simtetei aliyenunua. Kaniibia mimi, na kamwibia yule mama. Lakini asiguswe peke yake huku muuzaji na aliyesaini wakiendelea na shughuli zao.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999. Mwenye uzoefu wa kufungua malalamiko COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, anielekeze: natakiwa kupeleka nini, na rasimu zangu za zamani zinatosha kuwa ushahidi? Chuoni kwao naandika barua wiki hii. Nataka waniambie nani aliisoma.