Naomba ushauri: nianzie wapi kusoma miswada ya kale ya tiba ya Kiajemi?

Ndugu zangu, salaam. Nasoma Kiarabu kwa kiwango cha wastani, na sasa nimevutiwa na Tashrih-i Mansuri, kitabu cha maumbile ya mwili kilichotungwa na Mansur ibn Ilyas wa Shiraz katika karne ya 14, ambacho nakala yake moja, iliyokamilishwa mwaka 1488, imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Picha zake za mifupa, mishipa na mwanamke mjamzito nazielewa. Maandishi ndiyo yanayonishinda. Istilahi nyingi ni za Kiarabu, lakini vitenzi ni vya Kiajemi, na wanakili wa zamani mara nyingi waliiandika herufi gaf (sauti ya g) kwa mstari mmoja wa juu, ikafanana kabisa na herufi kaf (sauti ya k), hata neno moja likanichukua jioni nzima. (Kujua kwamba bandari na pamba zina asili ya Kiajemi hakujanisaidia sana.) Je, nianze na sarufi ya Kiajemi cha leo, au kwanza nizoee hati za mkono, hasa nastaliki (mtindo wa mwandiko wa Kiajemi), kwa kulinganisha mswada na matini iliyopigwa chapa? Aliyepita njia hii bila mwalimu, naomba anieleze alivyofanya.