Franco, Tabu Ley au Simaro: nani mtunzi mkubwa kuliko wote wa rumba ya Kongo?

Mzee wa Ujiji

Ndugu wanajamvi, kila tunapomtafuta bingwa wa rumba ya Kongo huwa tunachanganya vipaji vitatu visivyofanana: kuimba, kupiga gitaa na kutunga. Leo naomba tubaki kwenye utunzi peke yake, yaani maneno, mahadhi, na namna ubeti unavyoikabidhi sebene wimbo, yaani ile sehemu ya mwisho ya magitaa na kucheza. Majina ninayoyaweka mezani ni Franco Luambo Makiadi, Tabu Ley Rochereau na Lutumba Simaro. Idadi ya nyimbo tusiifanye kipimo, kwa sababu wingi wake hautuambii ni wimbo gani utakaobaki masikioni mwa wajukuu zetu.

Kura yangu ni ya Tabu Ley, na sababu yangu kubwa ni “Mokolo nakokufa” wa mwaka 1966. Anaichukua siku ya kufa na kuipitisha kwa maskini, kwa tajiri, kwa mlevi, na kila mmoja anaiwaza kwa kadiri ya maisha aliyoyaishi. Mahadhi ni yale yale, lakini kila anapoingia mtu mpya yanapata uzito mwingine. Kijana aliyetunga hivyo kabla ya kufika umri wa miaka thelathini alikuwa na jicho la mtu mzima.

Santuri za Baba

Shikamoo Mzee. Mimi nasimama na Franco, kwa sababu simwoni mwingine aliyeusikiliza mtaa wa Kinshasa kwa sikio kali kama lake. Katika “Mario” wa mwaka 1985 tunakutana na kijana msomi, mwenye diploma tano, anayelishwa na kuvishwa na mama mwenye fedha aliyemzidi umri, hadi mama mwenyewe anachoka. Franco haimbi yote. Mengine anayasema tu, kama jirani aliyeitwa kusuluhisha ugomvi, huku mwimbaji Madilu System akizibeba sehemu zinazotaka sauti nyororo na magitaa yakiendelea kuzunguka chini yao bila haraka. Kuyageuza maneno ya uani kuwa wimbo wa zaidi ya dakika kumi, na wacheza dansi wasiondoke ukumbini, ni kazi ya mtunzi anayejua anachokifanya. Mwaka 1978 alitiwa gerezani kwa sababu ya nyimbo zilizohukumiwa kuwa chafu. Nyimbo zile sizitetei, lakini mtu hafungwi kwa maneno yasiyomgusa yeyote.

Mwana wa Bukavu

Marahaba kwa wote, ingawa naona Simaro ametajwa kwa heshima tu kisha akaachwa mlangoni. Wenzetu wengi wa Tanzania na Kenya wanaipenda rumba kwa mahadhi yake, na hilo si kosa, lakini ukikijua Kilingala utaelewa kwa nini watu wa Kinshasa walimwita Simaro mshairi.

Tazameni mazingira yake. Aliingia OK Jazz, bendi ya Franco, mwaka 1961, akapiga gitaa la rithimu nyuma ya Franco hadi Franco alipofariki mwaka 1989, wala hakuwa mwimbaji wa kutegemewa. Kwa hiyo kila alichotunga kilibidi kikae vizuri kinywani mwa mtu mwingine. “Mabele” wa mwaka 1974 aliuimba Sam Mangwana, na “Maya” wa mwaka 1984 aliuimba Carlyto. Waimbaji hao hawafanani kwa sauti wala kwa hulka, lakini ukizisikiliza nyimbo hizo mfululizo unamtambua mtunzi mmoja: sentensi ndefu zinazotembea polepole, huzuni isiyopiga kelele, na kiitikio kinachochelewa hadi msikilizaji anakitamani. Mabele ni udongo, na wimbo mzima unamkumbusha binadamu anakorudi. Franco angeweza kuuokoa wimbo dhaifu kwa gitaa lake, na Tabu Ley kwa koo lake. Simaro hakuwa na pa kujificha.

Rithimu ya Morogoro

Nimepiga gitaa katika bendi ya dansi kwa miaka tisa, na hoja ya ndugu yangu wa Bukavu imenigusa, kwa sababu sisi wa rithimu hatutajwi hata kwenye matangazo ya onyesho. Hata hivyo, kipimo chake hakimwangushi Tabu Ley. Nyimbo alizomtungia M'bilia Bel miaka ya 1980 ziliingia katika koo la mwanamke kijana zikakaa kama zimezaliwa humo. “Mpeve ya longo” ni malalamiko ya mke aliyeachwa na mumewe, akabaki kulea watoto peke yake, na wanawake wengi waliupokea wimbo huo kama wao wenyewe ndio waliousema.

Pwani Asilia

Naomba Joseph Kabasele asisahaulike. Wimbo wake “Indépendance Cha Cha” ulitoka Brussels mwaka 1960, wakati wa mkutano wa uhuru, na Tabu Ley mwenyewe alikuzwa katika African Jazz, bendi ya Kabasele.

Mzee wa Ujiji

Kabasele ni mlezi wa shule nzima, Pwani Asilia, nami nilimwacha nje kwa sababu hawa watatu walifanya kazi katika muda mmoja na wangeweza kujibizana. Franco na Tabu Ley, pamoja na ushindani wao wote, walirekodi pamoja mwaka 1983, jambo linaloonyesha kwamba kila mmoja aliujua uzito wa mwenzake.

Mwana wa Bukavu, jana usiku niliusikiliza “Mabele” nikiwa na maelezo yako kichwani, nikagundua kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nikisubiri sebene na kuyapita maneno yenyewe. Ninabaki na Tabu Ley, kwa kuwa mahadhi yake yanaweza kupigwa mluzi na mtu asiyejua neno moja la Kilingala, na bado akahisi kuna jambo zito. Ila Simaro, niliyekuwa nimemweka wa tatu, sasa namweka wa pili, na Santuri za Baba anisamehe kwa hilo.